Gurudumu la Mwenyekiti

Niliamshwa na kijiko kikizunguka ndani ya kikombe, polepole, kama mtu anayekoroga sukari huku akiomba radhi. Ilikuwa Ramadhani. Uthmani fundi na mke wake Salama walikuwa wanakula daku, hapo kwao Muyinga mjini, wakinong'ona ili mimi mgeni wao, tena Mkristo, nisikatishwe usingizi. Nilijifanya nimelala ili wasisikitike.

Nililala kwao kwa sababu ya gari. Sisi wa Gasorwe tuliorudi Burundi kutoka Tanzania tuna chama, na chama kina pikapu iliyoingia kwa mpaka wa Kobero, usukani kulia kama za huko. Siku hiyo ilikuwa iende Gitega kuchukua mbegu za viazi, nami nilipewa nafasi. Dada yangu Imelda anaishi Mushasha, hukohuko Gitega, kwa binti yake Jeska, na Jeska alikuwa amenipigia simu.

"Mama mdogo, njoo upesi. Mama anawajua watu asubuhi tu. Ikifika saa sita anapotea. Na hizo asubuhi zenyewe zinapungua."

Tangu nilipokimbia mauaji mwaka 1972 mpaka niliporudi 2008 hatukuonana. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu nirudi, na tulikuwa hatujamaliza kusimuliana. Nilitaka asubuhi moja. Tukiondoka saa kumi na mbili, saa tatu ningekuwa mlangoni kwake.

Ningepanda basi, lakini Audax, mwenyekiti wa chama, alikataa kabisa. "Mama Kasilda apande basi wakati chama kina gari? Tutaonekanaje?"

Uthmani alikuwa amebadilisha mpira wa breki uliokuwa unavuja. Kilichobaki ni kutoa upepo ulioingia: mtu anakanyaga breki, fundi anafungua nati ndogo kwenye gurudumu, oili inatoka na mapovu yake, anafunga. Gurudumu moja, halafu jingine. Angemaliza jana yake, ila Audax aliagiza magurudumu yasiguswe mpaka kamati iwepo.

Kamati ilifika saa kumi na mbili na nusu. Ilikuwa Audax mwenyewe na Nazario, ambaye ni katibu, dereva, na mwenye daftari.

"Tunaanza na gurudumu gani?" aliuliza Audax.

"Nyuma kushoto," Uthmani alijibu kutoka chini ya gari.

Audax alizunguka akapatazama. Hapo ndipo tunapofunga mbuzi siku ya soko. "Yaani mbuzi kwanza?"

"Si mbuzi, prezida. Ile tairi iko mbali na kopo ya oili ya breki kupita zingine. Unaanzia mbali, unamalizia karibu. Ukianzia karibu, upepo ya kule nyuma inabaki."

"Fundi, umewahi kuona sherehe hapa Burundi ambayo bia inaanzia kwa waliokaa nyuma?"

"Mi sikunywaka bia, prezida."

Nazario alikohoa. "Mimi nina cheti. Mafunzo ya siku tatu, Gitega. Imeandikwa wazi: nyuma kulia kwanza."

"Hiyo ni ya gari za usukani kushoto," alisema Uthmani kwa upole. "Hii yenu, kopo iko kulia. Unageuza."

"Cheti hakigeuzwi."

Basi wakapiga kura. Mwenyekiti alipata kura yake na ya katibu. Wakaanza na mbele kushoto, chini ya kiti anachokalia Audax. Walipomaliza, Nazario akaliwasha gari, akasogea, akakanyaga. Gari halikusimama. Liliingia taratibu kwenye kamba ya nguo ya Salama, likatoka upande wa pili limevaa kanzu ya Uthmani, hadi mchanga wa ujenzi ulipolizuia.

Nazario aliandika: "Jaribio la kwanza limefaulu kwa kiasi."

Saa mbili nilisikia honi ya basi la Gitega likiondoka. Hakuna aliyeisikia isipokuwa mimi, na Salama, ambaye aliniletea kigoda kivulini.

Ikafuata zamu ya cheti. Huenda kingesaidia, lakini mwenyekiti na katibu walibishana sana juu ya nani asimamie kujaza kopo la oili, na wakati wanabishana kopo likakauka, upepo ukaingia upya. Uthmani akaenda sokoni kununua oili nyingine, midomo imemkauka, na aliporudi akaniuliza mimi kama nina kiu.

Saa tatu ilikuwa imefika. Kwa mawazo nilimwona Imelda kwenye benchi lake, amefunga kitambaa kizuri, anatazama njia. Nikasimama.

"Mwanangu Audax, kwenye sherehe mgeni rasmi anahutubia lini?"

"Mwisho, mama. Lazima."

"Na mwanzoni?"

"Ah, mwanzoni ni wadogo wadogo. Kwaya. Mjumbe wa nyumba kumi."

"Basi magurudumu nayo yafuate protokole. Wadogo wa nyuma waanze. Mkubwa afunge."

Audax alifikiri. "Fundi, kwa njia yako la mwisho ni lipi?"

"Mbele kulia. Ile ya upande wa usukani."

Audax alikitazama kiti cha dereva kama mtu aliyegundua kwamba miaka yote amekaa mahali pa chini.

"Nazario, shuka hapo."

Akapanda yeye. Na mwenye kukaa kiti hicho ndiye mwenye pedali.

"Kanyaga, prezida. Tena. Tena. Shikilia hapo, usiachie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niseme."

Nusu saa nzima mwenyekiti wetu hakusema lolote ila "nimeshikilia." Nilipomsogelea niliona amevua kiatu, ili mguu uisikie pedali vizuri. Goti lilimtetemeka, jasho lilimtiririka, na hakuachia hata mara moja kabla ya kuambiwa.

"Utafika, mama," alisema bila kunitazama.

Nazario aliandika kwamba kamati, kwa kauli moja, imebuni njia mpya. Uthmani alicheka, akanawa mikono, akaanika kanzu yake tena.

Tuliondoka saa nne na nusu. Baada ya Karuzi, kwenye mteremko, ng'ombe walikatiza barabara. Nazario alikanyaga, gari likasimama palepale. Audax aligeuka nyuma. "Mmeona uongozi?"

"Tumeona," nilimjibu, maana goti lake bado lilikuwa linamuuma.

Saa nane kasoro Jeska alinifungulia mlango, akanikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikajua.

Imelda alikuwa kwenye benchi. Alinisalimia vizuri, kwa heshima, kama unavyomsalimia mke wa katekista. Nikakaa kando yake. Alinisimulia habari za mdogo wake aliyekimbia akiwa na mtoto mgongoni, jinsi alivyokuwa mkaidi, jinsi alivyoogopa vyura. Mengine sikuyajua. Sikumkatisha. Nilimshika mkono, akaniachia niushike.

Nazario alipopiga honi, nilinyanyuka. Imelda akashika pindo la kitenge changu.

"Urudi kunitembelea, mama," alisema. "Mdogo wangu naye anakuja. Nataka mjuane."