Kifo cha Kwanza cha Lukresia

Kitabu kilisema Lukresia alikufa akiwa na miaka kumi na miwili, siku ya Ijumaa Kuu, huku akitabasamu. Kilikuwa kijitabu chembamba kilichopigwa chapa Ulaya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ili watoto wa huko wakisome na kutoa sadaka ya kukomboa watumwa wadogo wa Afrika. Jaladani malaika alikuwa amembeba mtoto mweusi kuelekea mawinguni. Mgeni mmoja alikiacha katika parokia yetu, upande wa Bukombe, na Padre Benedict, aliyewahi kusoma Ufaransa, akamtafsiria Mwalimu Asteria.

Asteria alifundisha historia katika shule ya msingi, na kamati ya jubilei ya parokia ilikuwa imemwomba aandike kitabu cha historia ya mahali petu kwa ajili ya wanafunzi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Herman, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alipousikia mkasa wa Lukresia alifurahi mno, akaamua papo hapo kwamba mtoto huyo ajengewe kaburi la kumbukumbu. Kilichokosekana ni mahali alipozikwa, kwa hiyo Asteria akaanza kuwapitia wazee.

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Bibi Limi, akamkuta anabangua karanga. Akamsomea tafsiri yote: mtoto aliyeibwa na watu wa misafara, sikio lake la kushoto lililochanika, masista waliomkomboa na kumbatiza. Aliposikia habari za lile sikio, Bibi Limi aliacha karanga.

"Huyo ni bibi yangu, mzaa mama," alisema.

Asteria akamweleza kwa upole kwamba huyu wa kitabuni alifariki akiwa mtoto.

"Basi hakufa vizuri, maana ndiye aliyenilea."

Kisha akasimulia. Bibi yake hakuibwa na msafara wowote. Mwaka wa njaa mjomba wake alimbadilisha kwa kapu la mtama, na mjomba huyo ndiye babu mzaa babu yake Mzee Herman. Kweli masista walimkomboa na kumtunza. Lakini alipopevuka alitoroka na fundi aliyekuwa akifyatua matofali ya kanisa, akamzalia watoto tisa. Alipika pombe ya kusifiwa, akavuta kiko, akagombana na wakwe zake wote, na alipofariki kwa uzee Limi alikuwa msichana mkubwa, aliyeshika jembe siku ya mazishi. Asteria alielewa bila kuambiwa. Msichana aliyetoroka na fundi matofali asingewatoa watoto wa Ulaya machozi wala sadaka. Aliyekufa akitabasamu angeweza.

Akaandika yote mawili, la kitabu na la Bibi Limi, akapeleka kwenye kamati akiwa na furaha ya mtu aliyeokota almasi. Mzee Herman alisoma polepole hadi kwenye jina la mjomba, akavua miwani. Alisema kamati inamheshimu sana Bibi Limi, ila historia inahitaji ushahidi.

"Kitabu kimepigwa chapa," alisema. "Bibi Limi hajapigwa chapa."

Wajumbe wakakubali. Asteria akapanda gari hadi Katoro kumwona Marselino, mtoto wa Bibi Limi, mnunuzi wa dhahabu, akitumaini atamtetea Lukresia, bibi wa mama yake. Lakini Marselino alikuwa anajiandaa kugombea udiwani, na kila mkutano alikuwa akijitambulisha kama damu ya watemi. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akamwagizia soda, kisha akasema kwamba kama kuna kitabu kinachosema marehemu alifariki mapema, basi familia isingependa kubishana na kitabu.

Wiki iliyofuata alibadilika kidogo. Alikuwa amepata habari kwamba askofu atakuja kubariki kaburi, na kwamba kijitabu kinamwita Lukresia binti wa mtemi, kama vitabu vya aina ile vinavyowaita karibu watumwa wote wadogo. Akajitolea saruji, vigae na fundi, kwa sharti moja tu, kwamba ukoo wake utambuliwe.

Basi kitabu cha jubilei kikatoka. Ukurasa wa tisa unasema Lukresia, binti wa mtemi, alitekwa na watu wasiojulikana kutoka mbali na akafa mtoto. Ukurasa wa mwisho unawashukuru wajukuu na vitukuu wa marehemu kwa kujenga kaburi. Asteria alikuwa ameomba jina lake kama mwandishi lifutwe. Lilichapwa kwa herufi kubwa.

Siku ya kubariki, Bibi Limi alikalishwa mbele, katika kitenge kipya, akakabidhiwa shada aweke juu ya kaburi lisilo na mtu. Akaliweka kwa adabu zote. Baada ya misa Asteria alimfuata, akamwamkia, akashindwa kuendelea kwa machozi.

"Marahaba, mwanangu. Sasa unalia nini?" Bibi Limi alimshika mkono. "Wangu nilimzika mwenyewe, na alikuwa ameshiba siku zake. Huyu wa kitabuni alikufa mdogo, peke yake, na hakuna aliyewahi kumwekea ua."

Watoto wa shule ndio walioona kasoro. Darasa la tano walimuuliza mwalimu inakuwaje mtu afe na miaka kumi na miwili halafu awe na vitukuu. Kabla Asteria hajapata jibu, swali lilikuwa limeshafika majumbani, na huko likageuka kuwa muujiza. Leo wanawake waliokawia kupata watoto wanatoka mpaka Ushetu kuja kupiga magoti kwenye vigae vya Marselino. Mzee Herman amewawekea benchi.

Nyumba ya Bibi Limi iko jirani na hapo. Akimwona mwanamke amepiga magoti humwacha amalize sala, kisha humkaribisha ndani anywe uji, akipenda asikie habari za Lukresia. Wengi hupenda. Huanzia kwa mjomba, na jina lake hulitaja.