Kitambaa Kwenye Breki

Ilikuwa mwaka wa tatu tangu gari moshi la Wadachi, yaani Wajerumani, lifike Morogoro. Ijumaa hiyo, hapo stesheni, sindano ya kupimia upepo wa breki ilipanda nusu, ikasita, kisha ikashuka taratibu hadi chini. Mikidadi, fundi wa breki, aliitazama akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alikuwa na haki ya kutamani. Kesho asubuhi, huko Mikese, mtoto wake wa kwanza angetimiza siku saba, anyolewe na kupewa jina. Mikidadi alitaka aitwe Pazi, jina la marehemu baba yake, aliyefariki masika yaliyopita bila kumwona mjukuu. Mama mkwe wake, Mwaisha, alitaka aitwe Rehani, jina la kaka yake, mtu aliye hai, mwenye afya tele, na anayejisifu vya kutosha bila msaada wa mjukuu. Wakakubaliana: baba akiwepo wakati wa kunyoa, jina ni la baba. Asipokuwepo, ni la ukoo wa mama, na kwa Waluguru ukoo wa mama hauna mzaha. Gari la mchana huo ndilo lilikuwa la mwisho hadi Jumapili, na kwenda kwa miguu usiku ilikuwa kujipeleka kwa simba.

Breki za gari lile zilitumia upepo uliosukumwa na injini, ukapita kwenye mipira iliyounganisha behewa na behewa. Upepo ukivuja, hakuna safari. Asubuhi ile pete ya kiungo cha behewa la tatu ilikutwa imepasuka kwa jua. Pete mpya za mpira zilikuwa hazijaletwa kutoka Dar es Salaam, basi msimamizi wa Kidachi, ambaye mafundi walimwita Bwana Sharubu, akakata nyingine ya ngozi na kumwachia Mikidadi aifunge.

Hapo akapita Petro, mchochea moto wa injini, Mkristo wa misheni, mtu asiyeweza kumaliza siku bila kumchokoza mwenzake.

"Wadachi unajua wanakula nyama gani," alimnong'oneza. "Sasa ngozi yake unadhani wanaipeleka wapi?"

Mikidadi hakuuliza zaidi. Aliizungushia pete ile kitambaa chembamba asije akaigusa, akaikaza pamoja na kitambaa chake. Ni kitambaa tu, alijiambia, kitadhuru nini.

Sasa, sindano ikiwa chini, Bwana Sharubu alisimama kando yake. "Tafuta," alisema. "Hapandi mtu mpaka upepo ukae."

Mikidadi akatafuta. Alipaka povu la sabuni kwenye viungo, maana penye tundu povu huchemka. Behewa la kwanza, povu likatulia. La pili, likatulia. La tatu akaliruka kana kwamba halipo, akapaka la nne, la tano, na hata la sita, ambalo halikuwa na breki kabisa.

Mzee Akbarali mwenye duka, aliyekuwa amekalia marobota yake ya kaniki akisubiri kuyapeleka Mikese, alimwangalia kwa muda mrefu.

"Mwanangu, la tatu umelisahau."

"Shikamoo, mzee. Nalijia."

Hakulijia. Alirudi kuanza upya la kwanza, mpaka Bwana Sharubu akaitazama saa yake na kusema injini ifunguliwe kutoka kwenye mabehewa, safari ni Jumapili. Mikidadi akamwona Rehani waziwazi akilini mwake, akipokea pongezi kwa mikono miwili. Akamwona na baba yake, na roho ikamuuma kweli kweli.

"Bwana, kosa ni langu," alisema. "Pete ya behewa la tatu nimeizungushia kitambaa. Niliogopa ni ngozi ya nguruwe."

Alitarajia kiboko. Akapata kicheko cha stesheni nzima, asijue kipi kinauma zaidi. Bwana Sharubu mwenyewe alicheka hadi akajifuta macho.

"Ngozi hiyo nimeuza mimi," alisema Akbarali. "Ng'ombe wa hapo kijijini Bigwa, kachinjwa na Mwislamu, mimi nikishuhudia. Si ungeuliza?"

Petro alikuwa ghafla na kazi nyingi kwenye kuni. Mikidadi alitoa kitambaa, akairudisha pete kwa vidole vitupu, akapaka povu. Likatulia. Sindano ikapanda, ikakaa.

Jua lilikuwa halijazama walipofika Mikese, na Petro alikuwa ameshaitangaza habari kutoka juu ya injini. Mikidadi alipofika nyumbani, Mwaisha alikuwa akimngoja mlangoni na ndoo ya maji na kisahani chenye udongo.

"Shikamoo, mama. Ilikuwa ya ng'ombe."

"Marahaba. Nimesikia. Nawa mara saba kama aliyegusa nguruwe, moja kwa udongo."

Akanawa, majirani wakihesabu kwa sauti na kukosea makusudi ili aanze upya. Alipomaliza, Mwaisha aliingia ndani, akatoka na kile kitoto kimefungwa kanga, akasimama nacho kidogo.

"Umekubali kuchekwa na watu wote wale ili uwahi?"

"Ndiyo, mama."

Mwaisha akamwekea mtoto kwenye mikono ambayo bado ilikuwa inadondoka maji.

"Haya," alisema. "Mpokee Pazi, baba yako."