Pembe za Msimamizi

Saa moja asubuhi mkata pembe alikuwa amekwisha kunoa msumeno. Kazi yake machinjioni, mwaka wa kumi na tisa sasa, ilikuwa hiyo moja: kichwa cha ng'ombe kikiletwa, anakata pembe, anazitupa kwenye karai, anasubiri kingine.

Msimamizi aliota pembe ya kwanza siku alipomvunja taya mfagiaji kwa nondo. Ya pili ilichomoza alipomtoboa jicho mpakizi. Hakuna aliyeshangaa.

"Zimemkaa," alisema mchunaji, mdogo wake mkata pembe. "Sasa sura imeifikia tabia."

Kila Jumamosi mkata pembe alijifunza Kigiriki cha Maandiko kwa mchungaji mstaafu. "Pembe wanaiita keras," alimweleza mdogo wake. "Ni nguvu, lakini ni kimbilio pia. Adoniya, alipokimbia kuuawa na mfalme, alizishika pembe za madhabahu, akaachwa hai. Huyu akikujia, zishike."

"Haya, profesa."

"Cheka tu. Mimi kaka yako nimekwambia."

Jumatano mchunaji alitoboa ngozi ya fahali kwa bahati mbaya. Pigo la kwanza la nondo lilimvunja mbavu mbili. Kabla ya la pili, alizikamata pembe zote mbili. Msimamizi akatulia tuli.

Walikaa hivyo siku mbili. Msimamizi alitia saini karatasi juu ya bega la mchunaji. Mkata pembe alimnywesha mdogo wake chai kwa kijiko. Ijumaa mchana vidole vilianza kulegea.

"Kaka, naachia."

"Usithubutu."

"Mikono imekufa, kaka."

Mkata pembe alifikiri kisomi: azishikaye haguswi, basi akitoka nazo hadi nje ya geti, haguswi pia. Akachukua msumeno. Msimamizi aliinamisha kichwa kama yuko kwa kinyozi. Damu iliwalowesha wote watatu. Pembe zilipokatika, mchunaji aligeuka akaanza kutembea, moja kila mkono.

Alipiga hatua tisa. Nondo ilimpata kisogoni, mara nne.

"Alikuwa amezishika," alisema mkata pembe.

"Alishika mifupa." Msimamizi alijigonga kifua. "Madhabahu iko hapa."

Vidole vya marehemu vilikataa kufunguka. Seremala alitengeneza jeneza pana kidogo, na shangazi yao akamsifu kwa vipimo.

Jumamosi mchungaji alifundisha habari za Yoabu, aliyezishika pembe za madhabahu akauawa papo hapo.

"Hii ungetangulia nayo, mchungaji," alisema mkata pembe.

"Tunakwenda sura kwa sura, mwanangu."

Mkata pembe akaandika daftarini.

Jumatatu msimamizi alikuja na pembe mpya tatu kichwani, na mchunaji mpya nyuma yake. Mkata pembe aliwaamkia wote wawili, kisha akamwonyesha mgeni mahali pa kutundika koti.