Kilio Ndani ya Diski

Tangu siku Symphorien alipokuja kwenye matanga ya mume wake na sanduku lake la kushika sauti, kalificha chini ya koti, Agnès Ngosa hakumwamini tena. Matanga yalikwisha kutolewa, nywele zikanyolewa. Na kilio kikishafungwa hakilizwi tena. Ukikiliza, kinakwenda kumtafuta mwingine wa nyumba ile ile. Agnès alibakiwa na Edith tu, binti yake, mwenye mimba ya kwanza.

Kwa hiyo aliposikia Symphorien ametengeneza diski ya muziki mupya, watu mbalimbali ndani ya diski moja, alitoka misa akaenda kwake, rozari mkononi.

"Karibu, mama! Umekuja kusikiliza?"

"Nakuja kusikia kama mimi niko mule."

"Wewe? Aa! Iko Chomba na chupa zake, iko Adalbert na musumeno, iko treni. Kilio hakiko."

"Mimi nilitaja kilio?"

Symphorien akaweka sindano kwenye diski.

Chupa zililia. Msumeno ukapiga kelele kama paka aliyebanwa mkia. Kisha treni, na chini ya treni kitu kizito, cha polepole. Agnès akatega sikio. Ni yeye? Si yeye?

"Na ile?"

"Upepo, mama."

Lango likafunguliwa. Brigitte, jirani ya Agnès, akaingia na kuni za matanga kichwani, kitenge kakikaza kiunoni, nyuma yake wanawake wawili, mikono kichwani.

"Yoo, mama Edith! Nani tena? Juzi tulitoa matanga, leo unalia?"

"Mimi nimefunga kinywa, Brigitte."

"Sauti ni yako! Tulikusikia toka kwenye bomba la maji."

Symphorien alirukia sindano. Agnès akamshika mkono.

"Nionyeshe mahali pangu."

Symphorien akaonyesha ule mzunguko wa mwisho, karibu na tundu. "Mama, diski iko moja tu. Na bale bengine?"

"Chomba hana kosa. Adalbert hana kosa."

Agnès akachomoa pini ya kitambaa cha kichwa, akaulima mzunguko ule mpaka ukatoa unga.

"Sandukuni nilishafuta, mama. Kweli."

Agnès akairudisha pini kichwani. Akawageukia wanawake.

"Kuni zisirudi bure. Pelekeni kwa Edith, zitachemsha maji ya mutoto."

Mlangoni akageuka.

"Na lile koti, Symphorien, ulivae. Nilione mgongoni mwako kila siku."