Jibu la Matangani

Mwaka wa themanini na sita mke wangu Mwanarusi alivuja damu ya uzazi mpaka akakata roho barazani pa zahanati, hapa Likoni. Gari la wagonjwa halikuwapo. Bwana Boga, mkuu wa zahanati, alikuwa amelituma kubeba mabati ya nyumba yake.

Siku ya pili ya matanga akaja Barakat, kijana wa gazeti. Akavua viatu, akakaa mkekani kwa adabu.

"Mzee Ishaka, unamlaumu nani?"

Watu wote wananitazama, mashekhe wamo. Matangani mtu hujibu nini? Nikajibu kama alivyojibu babangu: "Ni amri ya Mungu, mwanangu. Simlaumu mtu."

Hayo aliyaandika. Ya mabati nilimwambia njiani, nikimsindikiza. Hayo hakuyaandika.

Wakubwa walipokaa ati kuchunguza, wakaliinua lile gazeti. "Mwenyewe kasema." Faili likafungwa. Boga akapandishwa cheo. Wakubwa hulindana, si jambo geni.

Na Barakat akapanda vilevile. Habari ile ikampa tuzo, akaandika kitabu juu ya mume asiyelaumu, kisha akapewa kipindi chake kwenye runinga. Nami kila nikikutana na shemeji yangu Dhahabu, dadake Mwanarusi, sokoni: "Hujambo, msamehevu? Nani alikutuma umsamehe mtu damu ya dada yangu?"

Mwaka wa tisini na nne Barakat akarudi na kamera. Mwili umejaa, shikamoo yake ni ile ile.

"Mzee, tuambie tena yale maneno yako. Nchi nzima inayapenda."

"Leo nakwambia ya moyoni."

Wallahi sikuacha kitu. Gari, mabati, jina la Boga nililitaja mara tatu. Barakat akainamisha kichwa. "Nimekusikia, mzee wangu."

Ijumaa nikamwita Dhahabu, tukaenda kukitazama kipindi kwenye runinga ya dukani kwa Musyoka. Nikatokea. Mdomo wangu unakwenda, mkono unaonyesha zahanati ilipo, lakini sauti si yangu. Ni Barakat, anasoma taratibu, kwa huzuni ya kupendeza: "Ni amri ya Mungu. Simlaumu mtu."

Musyoka akapangusa macho. "Mzee, una moyo wewe."

"Sikusema hivyo, Dhahabu. Wameikata sauti yangu."

"Na mdomo ule ni wa nani, shemeji?" Akajitanda leso yake, akatoka.

Musyoka akaongeza sauti.