Setlementi

Mwaka wa tisini na tatu, Injinia Joab, mzaliwa wa upande wa ziwani, aliilisha kompyuta vipimo vya udongo wa Kimulot, ajue nguzo za msingi zitadidimia kiasi gani zikibeba kiwanda kipya cha chai. Jibu lilikuwa baya: upande wa bondeni utazama zaidi, kuta zipasuke. Kwenye ripoti, kudidimia huko akakuita setlementi, kama mainjinia wote.

Mwenyekiti wa kiwanda, Mzee Hezekiah, alisoma neno hilo tu, ambalo kwake lilimaanisha mpango wa kuwagawia wageni ardhi, akaitupa ripoti.

“Setlementi! Kumbe nyinyi watu wa ziwa mnataka kukatiwa mashamba hapa kwetu?”

Damu ilimchemka Joab. Mwaka uliotangulia, katika ghasia za kugombea ardhi, shemeji yake alichomewa nyumba kwa maneno kama hayo.

“Mzee, hakuna mtu anayehamia kwako!” alifoka. “Kinachohama ni kiwanda chako, na kinahamia chini ya ardhi.”