Ndege wa Mzee Omolo

Oluoch alisikia kicheko kabla hajaona chochote. Alikuwa nyuma ya kanisa la mabati, Kawangware, akikaza waya wa umeme uliolegea, na kicheko hicho kilikuwa cha watu wengi. Ndani palikuwa na ibada ya kumkumbuka baba yake, mzee Omolo, aliyezikwa mwaka jana. Programu haikuwa na mahali pa kucheka.

Alipoingia, aliwakuta wote wanatazama skrini nyuma ya mimbari. Skrini ilikuwa kazi yake. Chumbani kwake Silanga alikuwa ametunga kwenye laptopu kundi la ndege weusi kwenye anga la kijivu, wawe pambo mama yake akiimba. Hakuwachorea njia. Aliwapa sheria tatu tu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea jirani, usiachwe mbali na jirani. Mengine wakajifanyia wenyewe, wakipinda na kukunjuka pamoja kama shuka inayokung'utwa.

Ila mmoja. Huyo alianzia kona ya mbali, hakuona jirani wa kumfuata, basi akaenda zake. Akitokomea kulia, anachomoza kushoto.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu," shemasi Nyamai alikuwa anasema kwenye maikrofoni. "Hakujua kujitenga."

Ndege akachomoza kushoto, peke yake. Kanisa likacheka tena.

Kila mtu mle ndani alikuwa amewahi kugombana na Omolo. Lakini marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa amesifiwa hadi hatambuliki.

Nyamai alishuka, maikrofoni mkononi, akamwendea Oluoch penye laptopu.

"Kijana, huyo ndege wako ananipinga. Mrekebishe ama uzime hiyo kitu."

"Hajavunja sheria hata moja, shemasi. Wewe je?"

Angeendelea, maana maneno anayo, lakini alimwona mama yake kwenye benchi la mbele. Mama hakuwa ameimba tangu mazishi. Leo ndiyo alikuwa amekubali. Sasa aliinamisha kichwa, leso mdomoni, mabega yakitikisika.

Kiburi kikamtoka Oluoch. Akafungua mahali sheria zilipoandikwa. Ilitosha kubadilisha namba moja, ile ya umbali ambao ndege anaona, na yule mpweke angewaona wenzake na kujiunga nao.

"Unafanya nini, wuoda, mwanangu?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Macho yalikuwa na machozi, lakini ya kucheka.

"Namrudisha kwa wenzake, mama. Asikuaibishe."

"Nani amekwambia nimeaibika? Barabara hii nimetembea na baba yako miaka yote, yeye upande ule, mimi upande huu. Na tulikuwa tunaenda mahali pamoja." Alijipangusa kwa leso. "Tangu asubuhi hawa watu wananisimulia mwanamume mwingine. Nilikuwa nimekaa pale nashindwa kujua nitamwimbia nani."

"Mama Oluoch, hii ni ibada," Nyamai alisema.

"Najua, shemasi. Leta maikrofoni."

Nyamai akaitoa. Mama akageuka, akaitazama skrini mpaka ndege akachomoza.

"Naimba," alisema. "Lakini huyo umwache. Niahidi, na hawa wasikie."

Oluoch akautoa mkono kwenye laptopu, akautia mfukoni.

"Nakuahidi, mama," alisema, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho. "Hakuna atakayemrudisha kundini. Hata shemasi."